UZI: TV inapepesa taa nyekundu na kapasita mbili zimevimba. Je, nibadilishe hizo mbili tu?

#1 WayaMwekundu (Kisumu)

Mafundi, habari za kazi. Mezani kuna TV ya LED ya inchi 32, ile ya bodi moja yenye pawa (sehemu ya kulisha umeme) na mazabodi (bodi kuu) pamoja. Ukichomeka plagi, taa nyekundu inawaka, inazima, inawaka tena, na ukitega sikio unasikia tik, tik, tik kutoka upande wa transfoma. Picha hakuna, sauti hakuna.

Vipimo: fyuzi ni nzima. Kapasita (kipuri kinachohifadhi chaji) kubwa ya upande wa stima, 100 µF (mikrofaradi) 450 V, ina 335 V. Njia ya 12 V inapanda mpaka 7 hivi, inaanguka, inapanda tena. Kwenye njia hiyo kuna kapasita mbili za 1000 µF 16 V na zote zimevimba kichwa.

Nina mita ya kawaida, soldagani ya 60 W, na ile tester ndogo ya mraba inayosoma kila kipuri. Maswali ni matatu. Nibadilishe hizo mbili tu? Naweza kuweka za 25 V? Na duka la karibu lina za 85 °C pekee (kikomo cha joto kilichoandikwa juu yake), zitafaa?

#2 Rezista47 (Nakuru)

Tuanze na hiyo 335 V, maswali yako baadaye.

Stima yetu ni 240 V. Ikipita kwenye daraja la dayodi (dayodi nne zinazoigeuza kuwa mkondo wa upande mmoja) na kujaa kwenye kapasita inakuwa 240 × 1.414, yaani karibu 339 V. Kwa hiyo mlango wa kuingilia uko sawa: fyuzi, daraja na kapasita kubwa havina neno. Lakini shika jambo moja: pawa mbovu ni hatari kuliko pawa nzima. Nzima ikichomolewa plagi huendelea kuinywa ile kapasita kubwa mpaka iishe. Iliyosimama haina cha kuinywa, na chaji inaweza kukaa humo muda mrefu plagi ikiwa mkononi mwako. 100 µF kwenye 339 V ni karibu juli 5.7, na njia yake kutoka mkono mmoja kwenda mwingine hupita kifuani.

Usiimalize chaji hiyo kwa bisibisi. Ile cheche inachimba shaba ya bodi na inaweza kuua IC (chipu) ya pawa. Chukua rezista ya waya ya 2.2 kΩ, wati 10, ilehemu nyaya mbili zenye ganda zuri, na uziguse kwenye miguu ya kapasita kwa sekunde tano. Kisha pima kwa mita: inafaa iwe chini ya 5 V. Subiri dakika moja upime tena, maana kapasita hujirudishia chaji kidogo. Ile tester yako ya mraba ikiguswa na kapasita yenye chaji hufa hapo hapo.

Majibu kwa kifupi: si hizo mbili tu. 25 V ni sawa zikiingia. 85 °C, hapana.

#3 Dada_Lehemu (Kakamega)

Fundi Rezista amesema vyema. Mimi naingia kwenye "si hizo mbili tu", kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi hurudi dukani.

Kuvimba ni dalili moja tu. Kapasita ya majimaji hufa kwa njia mbili. Ya kwanza, gesi hujaa ndani na kichwa kinapanda. Hiyo kila mtu anaiona. Ya pili, majimaji hukauka polepole kupitia mpira wa chini, kichwa kikabaki bapa kama cha mpya. Kapasita ndogo za kipenyo cha 5 mm nyingi hazina hata ule mkato wa juu wa kutolea gesi, kwa hiyo hutaona chochote.

Kwenye bodi yako tafuta kapasita ndogo karibu na IC ya pawa, upande wa stima, mara nyingi 22 µF 50 V au 47 µF 50 V. Hiyo ndiyo inayoiwasha IC. Stima inapoingia, rezista zenye omu nyingi huijaza pole pole mpaka IC ifike volti yake ya kuamka. IC ikishaamka inakula chakula kilichomo kwenye kapasita hiyo mpaka waya msaidizi wa transfoma uanze kuilisha. Kapasita ikiwa imeshuka kutoka 22 µF hadi 3 µF, chakula kinaisha kabla ya transfoma kuchukua kazi. IC inalala, inajazwa tena, inaamka, inalala. Hiyo ndiyo tik, tik yako.

Sasa, sauti hiyo hiyo hutokea pia kapasita za 12 V zikiwa mbovu, au kukiwa na shoti upande wa pili, kwa sababu IC inaona hitilafu na kujizima. Kwa hiyo dalili haichagui. Badilisha zile mbili, badilisha na hiyo ndogo hata kama inaonekana nzuri, na kabla ya kulehemu chochote pima omu kati ya njia ya 12 V na ethi (upande hasi wa bodi). Ukiona chini ya omu 5 na kapasita zikiwa zimetolewa, tafuta shoti kwanza: dayodi ya kutoa kwenye transfoma, au IC ya taa za nyuma.

#4 WayaMwekundu (Kisumu)

Asante dada. Nimezitoa zote tatu. Tester inasema:

1000 µF ya kwanza: 212 µF, ESR 3.8 Ω
1000 µF ya pili: 640 µF, ESR 1.1 Ω
22 µF ndogo: 4.1 µF, ESR 19 Ω

Njia ya 12 V kwenda ethi, bila kapasita, ni zaidi ya 800 Ω. Kwa hiyo shoti hakuna. Kinachonitatiza ni ile ya pili. 640 si mbali sana na 1000, na mita ya kawaida ingeipitisha. Hiyo ESR ya 1.1 ni mbaya kiasi gani?

#5 Rezista47 (Nakuru)

Ni mbaya sana, na hapa ndipo mtu anayetegemea µF peke yake hupotea.

ESR ni upinzani uliojificha ndani ya kapasita, kana kwamba kuna rezista ndogo imefungwa nayo kwa mfululizo. Kapasita nzuri ya 1000 µF 16 V ya aina ya ESR ndogo huwa karibu 0.03 Ω. Ya kawaida huweza kufika 0.1. Yako ina 1.1.

Piga hesabu. Pawa ya aina hii hukata na kuunganisha mkondo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Tuseme mkondo wa mawimbi unaoingia na kutoka kwenye kapasita ni ampea 1.5. Kwa ESR ya 0.03, volti inatikisika kama 0.045. Kwa ESR ya 1.1, inatikisika 1.65 V. Prosesa haiwezi kuamka kwenye 12 V inayoruka hivyo. Na joto: 1.5 × 1.5 × 1.1 ni karibu wati 2.5 ndani ya kopo la kipenyo cha 10 mm. Inajichemsha, majimaji yanapungua, ESR inapanda, inajichemsha zaidi.

Hiyo 22 µF yenye 4.1 µF na 19 Ω haihitaji mjadala. Katika ukubwa huo chini ya omu 2 ni nzuri, juu ya 5 toa.

Jambo la kuangalia ukipima bila kutoa: kapasita mbili zikiwa sambamba kwenye njia moja, kama zako, kipimo kitaonyesha ile nzuri na mbaya itajificha nyuma yake. Toa mguu wa moja.

#6 BodiKavu (Bungoma)

Ndugu zangu, mimi napinga kidogo hii ya 85 °C. Huku vijijini za 105 hazipatikani kirahisi, mteja anataka TV yake leo, na za 85 zinawasha TV vizuri tu. Volti zinatoka sawa. Kwa nini tumwambie mtu asubiri kipuri kutoka Nairobi siku tatu?

#7 Rezista47 (Nakuru)

Swali la haki, ndugu BodiKavu. Itawaka, hilo sikatai. Tatizo ni itawaka kwa muda gani.

Kanuni ya watengenezaji ni hii: kila joto likishuka 10 °C, maisha ya kapasita ya majimaji huongezeka maradufu. Chukua mbili, zote zimeandikwa saa 2000. Moja ni ya 105, nyingine ya 85. Ndani ya TV, karibu na bamba la kupoza, kapasita ifikie 75 °C.

Ya 105: kwa 95 ni saa 4000, kwa 85 ni 8000, kwa 75 ni 16,000. TV ikiwashwa saa 8 kwa siku hizo ni siku 2000, miaka mitano na nusu.

Ya 85: kwa 75 ni saa 4000. Siku 500. Mwaka mmoja na miezi minne hivi.

Hapo bado nazichukulia zote mbili kuwa na ESR sawa, na si kweli. Nyingi za 85 dukani ni za matumizi ya kawaida, hazikutengenezwa kwa mawimbi ya pawa ya aina hii. Zinajichemsha zenyewe, kwa hiyo hata huo mwaka haufiki. Na sebule ya Kisumu mchana ikiwa 30 °C chini ya mabati, TV inaanzia juu kabla hata haijawashwa.

#8 Dada_Lehemu (Kakamega)

BodiKavu, kuna njia ya katikati. Weka akiba ya namba chache tu, zinamaliza sehemu kubwa ya kazi za TV na dekoda: 1000 µF 16 V, 1000 µF 25 V, 470 µF 25 V, 2200 µF 10 V, 100 µF 25 V, 22 µF 50 V, 47 µF 50 V, 10 µF 50 V, zote 105 °C. Kumi kumi za kila namba zinaenea kwenye kopo moja la majani chai. Ukiagiza Luthuli, Nairobi, mara moja na kifurushi kikaja na matatu, hutasubiri tena siku tatu kwa ajili ya kila mteja.

Unapoagiza taja familia, usiseme tu "za 105", maana 105 peke yake haikupi ESR ndogo. Panasonic FR, FM au FC. Rubycon ZLH au YXF. Nichicon HE au PW. Nippon Chemi-Con KY. Herufi hizo huandikwa kwenye ganda.

#9 BodiKavu (Bungoma)

Hesabu ya siku 500 imenifikia. Nimekubali. Basi tuambieni na bandia zinajulikanaje, kwa sababu hayo majina makubwa ndiyo yanayoigwa.

#10 MkonoMwepesi (Nakuru)

Bandia, anza na ukubwa. Volti na µF haziingii kwenye kopo lolote tu. 1000 µF 25 V ya ESR ndogo kwa kawaida ni 10 × 20 mm. 100 µF 450 V mara nyingi ni kopo la karibu 18 × 35. Ukiuziwa 100 µF 450 V yenye mwili wa 13 × 20, rudisha, haiwezekani. Kinyume chake pia kipo: kopo kubwa lenye kapasita ndogo ndani. Iweke kwenye kiganja pamoja na ile ya zamani. Nyepesi kupita kiasi ni dalili. Ganda la plastiki lililolegea au maandishi yanayofutika kwa spiriti, hiyo imevalishwa upya.

Kisha pima µF na ESR ya kila moja kabla haijaingia kwenye bodi. Mpya pia hupimwa.

Mwisho, kuvuja, ambako watu wengi wanaruka. Ilishe kapasita kwa volti iliyoandikwa juu yake, kupitia rezista ya 1 kΩ, ukizingatia chanya na hasi. Ngoja dakika mbili. Pima volti kwenye hiyo rezista. Kikomo cha kawaida ni 0.01 × µF × V, jibu likiwa kwa mikroampea. Kwa 1000 µF 16 V ni 160 µA, yaani 0.16 V kwenye rezista ya 1 kΩ. Nzuri huwa chini sana ya hapo. Ikikwama kwenye volti moja au mbili, yaliyoandikwa si ya kweli. Iliyokaa stoo miaka mingi huanza juu ikashuka taratibu. Hiyo iache kwenye volti zake saa moja, itajirekebisha.

#11 WayaMwekundu (Kisumu)

Nimepata Panasonic FR za 1000 µF 25 V na 22 µF 50 V ya 105, zimepimwa, ziko sawa. Shida ni umbo: za zamani ni 10 mm kwa 16, hizi ni 10 mm kwa 20. Na bodi ni ile ya hudhurungi ya upande mmoja, shaba yake inabanduka kwa kuangaliwa tu. Nani ana utaratibu wa kulehemu bila kuiharibu?

#12 Dada_Lehemu (Kakamega)

Urefu wa 20 si tatizo mradi kifuniko cha nyuma kinafunga na kuna nafasi ya milimita 2 au 3 juu ya kichwa, ili mkato upate pa kufungukia. Kinachotakiwa kulingana ni umbali wa miguu: kipenyo cha 5 mm ni 2.0, cha 6.3 ni 2.5, cha 8 ni 3.5, cha 10 na 12.5 ni 5.0, cha 16 na 18 ni 7.5. Usipanue miguu kwa nguvu kutoka mwilini, mpira wa chini unapasuka na majimaji yanapata njia. Shika mguu kwa koleo karibu na mwili, kisha ukunje upande wa nje wa koleo.

Kulehemu kwenye bodi ya hudhurungi: ncha bapa ya 2 hadi 3 mm, joto 350 °C, na usikae kwenye shaba zaidi ya sekunde tatu. Ikikataa, toa, subiri ipoe, rudi.

Lehemu ya kiwandani mara nyingi haina risasi na huyeyuka karibu 217 °C. Ya 63/37 yenye risasi huyeyuka 183. Kwa hiyo usianze kunyonya. Anza kwa kuongeza: weka flaksi (dawa ya kusaidia lehemu kushika) kidogo, yeyusha lehemu mpya ya 63/37 juu ya ile ya zamani, zichanganyike, na sasa mchanganyiko unayeyuka kwa joto la chini. Ndipo uweke utepe wa shaba wa 2.5 mm na soldagani juu yake. Utepe ukikauka na kuganda kwenye bodi usiuvute, utaondoka na shaba. Upashe joto tena, uinue ukiwa moto.

Tundu likibaki limeziba, joto kidogo na kijiti cha meno cha mbao. Msumari au sindano nene hukwaruza.

Mazabodi ya kompyuta ni habari nyingine. Tabaka ni nyingi na ethi yake hunyonya joto lote. Huko 60 W ni ya chini kabisa. Pasha bodi kwa hewa ya moto upande wa chini mpaka 100 °C hivi, kisha pasha mguu mmoja huku ukiinamisha kapasita, halafu wa pili, ukiitembeza nje polepole. Ukivuta baridi unang'oa mrija wa shaba ulio ndani ya tundu, na tabaka la katikati huwezi kulifikia tena.

Flaksi iwe ya rosini. Ile pasta ya mafundi bati ina asidi, na kwa unyevu wa ziwani utaona kijani kwenye shaba baada ya muda mfupi.

#13 Rezista47 (Nakuru)

Nyongeza kwa dada: chanya na hasi. Mstari kwenye kapasita ya majimaji ni HASI. Kwenye bodi nyingi nusu iliyopakwa rangi pia ni hasi, lakini zipo bodi zilizogeuza, nusu yenye rangi ikawa chanya. Usiamini rangi. Piga picha kabla ya kutoa, au pima mguu upi unaenda ethi. Kwenye tantalamu mstari ni CHANYA, kinyume kabisa, na ikigeuzwa huwaka moto.

Kapasita ya majimaji ikigeuzwa hutengeneza gesi na inaweza kufyatuka sekunde chache baada ya kuwasha. Mara ya kwanza unapowasha, uso wako usiwe juu ya bodi.

#14 MwanaBodi (Kitale)

Nisamehewe kuingilia. Woofa ya sabufa, transfoma ya kawaida ya chuma, ina mngurumo mzito hata sauti ikiwa sifuri. Ni kapasita pia?

#15 MkonoMwepesi (Nakuru)

Mara nyingi, ndiyo. Stima ni hezi 50, ikipita daraja zima inakuwa mawimbi ya hezi 100. Mngurumo wa 100 ni kapasita kuu iliyokauka. Wa 50 ni dayodi moja ya daraja iliyokatika au waya wa ethi wa sauti. Hesabu: mtikisiko wa volti ni mkondo ÷ (100 × faradi). Kwa ampea 1 na 4700 µF ni karibu 2.1 V, ikishuka mpaka 1000 µF ni 10 V, na hiyo ndiyo unayoisikia. Hapa ESR ndogo si lazima, µF na volti ndizo zinazohesabika. 85 °C inavumilika kama iko mbali na bamba la kupoza.

#16 KengeleYaRadi (Kisii)

Na mimi nina la kuongeza, hasa kwa sisi wa huku kwenye mvua za radi. Mmekuwa mkizungumzia kapasita iliyozeeka. Ipo pia iliyouawa, na dalili zake ni tofauti: kapasita KUBWA ya upande wa stima imefumuka, fyuzi nyeusi ndani, varista (kipuri cha kumeza volti za ghafla) imepasuka.

Chanzo mara nyingi hata si radi. Ni waya wa nyutro kukatika kwenye nguzo. Nyumba iliyokuwa ikipata 240 V inaweza kupata volti zinazokaribia 415. Zikipita kwenye daraja la dayodi ni 415 × 1.414, karibu 587 V, kwenye kapasita ya 400 au 450. Hakuna kapasita ya TV inayovumilia hiyo.

Kwa hiyo ukiona kubwa imefumuka usibadilishe hiyo peke yake. Pima dayodi nne za daraja, NTC (rezista ya kupunguza mkondo wa kuwashia), mosifeti (transista inayokata na kuunganisha mkondo) kati ya miguu yote mitatu, na rezista ndogo ya chini ya omu 1 iliyo kwenye mguu wa sosi. Rezista hiyo ikikatika, mosifeti na IC huwa vimekwenda pamoja. Varista rudisha namba ile ile. 14D471, kwa mfano, ni ya 300 V za stima.

Na zile kapasita za buluu zinazoruka kutoka upande wa moto (wenye stima) kwenda upande wa baridi (uliotengwa na stima), za daraja la usalama la Y1, kama 2.2 nF, usibandike seramiki ya kawaida mahali pake hata kwa siku moja. Ikishotika, stima inafika kwenye tundu la HDMI na antena, na mtoto anayegusa waya wa antena ndiye atakayeipata. Za X2, za usalama zinazofungwa kati ya nyaya za stima, vivyo hivyo: X2 kwa X2.

#17 BodiKavu (Bungoma)

Kuhusu X2, taa nyingi za usalama na swichi za machweo zina 0.47 µF X2 inayopunguza stima bila transfoma. Kwa 240 V na hezi 50 inapitisha karibu 35 mA. Kila stima inapopanda ghafla inajichoma kidogo ndani na kujiponya, µF inapungua. Ikifika 0.2 µF inapitisha 15 mA, rilei inaanza kubofya bila kushika, au taa inafifia. Haivimbi wala hainuki. Pima µF tu. Na bodi hizo zote ziko kwenye stima moja kwa moja, hakuna upande wa baridi.

#18 WayaMwekundu (Kisumu)

Swali la kusafisha. Chini ya ile kapasita ya 212 µF kuna doa la kahawia linalonata, na shaba imekuwa nyeusi kama sentimita moja. Kuna pia gundi kavu ya rangi ya tope kati ya kapasita na dayodi.

#19 Dada_Lehemu (Kakamega)

Doa hilo ni majimaji ya ndani. Ukilipasha kwa soldagani linanuka kama samaki. Yanakula shaba na yakipata unyevu yanapitisha umeme, kwa hiyo ukiweka kapasita mpya juu yake umefunga ugonjwa ndani.

Futa kwa aikoholi ya isopropili ya 99% na mswaki laini, mara mbili au tatu, kila mara ukifuta na kitambaa kikavu kabla haijakauka. Kwangua shaba nyeusi kwa ncha ya kisu mpaka ing'ae, iwekee lehemu nyembamba. Kama njia imeliwa katikati, iunge kwa waya wa shaba wa 0.5 mm, ukilala juu ya njia ya zamani. Halafu acha bodi ikauke kabisa kabla ya kuwasha.

Gundi hiyo toa yote. Ikiwa mpya haina neno, lakini miaka ya joto huigeuza kuwa ya kahawia, inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya vipuri. Ikwangue kwa kijiti cha mianzi, si kwa chuma. Kushikilia kapasita tumia silikoni isiyonuka siki, ile ya siki inatoa asidi.

Na kwa Kisumu: ukiifungua TV piga brashi wale wadudu wa ziwani. Wanafuata mwanga, wanaingia kwa matundu ya hewa na kujazana juu ya bamba la kupoza. Joto likikosa njia ya kutoka, kapasita mpya inaanza kuhesabu siku zake haraka.

#20 MwanaBodi (Kitale)

Na kapasita za polima, zile za kopo la alumini bila ganda la plastiki? Niziweke kila mahali?

#21 Rezista47 (Nakuru)

Si kila mahali. Kwenye njia ya prosesa ya mazabodi ni nzuri mno. Polima ya 820 µF 6.3 V hufanya kazi ya 1500 µF ya majimaji kwa sababu ESR yake ni ndogo sana. Lakini nyingi ni za volti ndogo, na regyuleta (IC za kutuliza volti) nyingine za zamani hutegemea ESR kidogo ili zitulie. LM1117, kwa mfano, inataka kapasita ya kutoa yenye ESR kati ya 0.3 na 22 Ω. Ukiiwekea polima inaweza kuanza kutetemeka, 3.3 V inakuwa kelele tupu, na utalaumu prosesa bure.

#22 WayaMwekundu (Kisumu)

Kazi imekamilika. Kapasita tatu zimeingia, doa limesafishwa, njia imeungwa kwa waya. Nimewasha kupitia balbu ya mfululizo ya 60 W (inazuia mkondo mkubwa kama kuna shoti), ile ya zamani ya uzi unaowaka ndani, si ya LED: iliwaka kwa nguvu mara moja, ikafifia, ikabaki na mwanga hafifu. Standibai imetulia. Nilipotoa balbu na kuwasha TV, picha na sauti zimekuja. 12 V inasoma 12.1. Nimpe mwenyewe?

#23 Dada_Lehemu (Kakamega)

Bado. Rudisha kifuniko, iwashe saa nne mfululizo mwanga wa skrini ukiwa juu kabisa, kisha pima 12 V tena ikiwa moto. Ikibaki kati ya 11.8 na 12.3 na kapasita mpya ukizigusa (plagi ikiwa imechomolewa, na ile kubwa ikiwa imetolewa chaji) ni vuguvugu tu, mpe. Punguza na mwanga wa nyuma kwenye menyu hadi 70 hivi kabla hajaichukua. Na ndani ya kifuniko andika kwa kalamu ya wino mzito: tarehe, kapasita zipi, namba gani. Fundi atakayeifungua baada yako ataanzia hapo.

#24 WayaMwekundu (Kisumu)

Saa nne zimeisha. 12.08 V, kapasita vuguvugu. Tarehe nimeandika.